Mkono Ulioshika Mdundo Lakini Ukazidi Kusinyaa: Uchambuzi wa Kisa cha Parkinson

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke aliyevuka miaka sitini, anayetumia mkono wa kulia, na aliyeishi na ugonjwa wa Parkinson kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa kwenye kitengo cha utengamao. Jina, kazi yake ya zamani, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Aliridhia kisa chake kitumike kufundishia. Kinahusu jaribio letu la kutumia sauti yenye mdundo kuurudishia mkono wake upana wa mwendo.

Ugonjwa ulimwanzia upande wa kulia. Dalili ya kwanza haikuwa mtetemeko bali maumivu ya bega, na kwa muda mrefu lililotibiwa ni bega. Hilo si ajabu. Mkono usiopunga wakati mtu anatembea hukakamaa taratibu, na bega lililokakamaa huonekana kama ugonjwa wa bega tu. Ni pale mwandiko wake ulipoanza kudidimia, herufi zikipungua kadiri mstari unavyosonga, ndipo daktari wa mfumo wa fahamu alipomwona na kumwanzishia levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini.

Malalamiko aliyokuja nayo yalihusu kazi za mikono. Akipiga mswaki, mkono ulianza vizuri, kisha ukabaki ukitikisika pale pale. Akifuta meza, kitambaa kilianza kufika kila pembe, halafu kikaishia kuzunguka sehemu ndogo iliyo mbele ya kifua chake, na yeye hakutambua mpaka aambiwe. Vifungo vya blauzi vilimmalizia subira. Mtetemeko alikuwa nao, lakini haukumsumbua sana. "Mkono unachoka kabla kazi haijaanza," ndivyo alivyotueleza. Ilituchukua muda kuelewa kwamba hakuwa akisema juu ya uchovu wa misuli.

Tuliyoyaona kwenye tathmini

Nguvu za misuli zilikuwa nzuri. Kilichoharibika ni kile kinachotokea tendo linaporudiwa. Tulimwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada kwa upana na kwa haraka, kisha afumbe na kufumbua kiganja, kisha ageuze mkono juu na chini. Vipimo hivi vitatu vimo katika MDS-UPDRS, kipimo kinachotumiwa sana kupima ugonjwa huu, na kila kimoja hupewa alama kuanzia 0 (hakuna tatizo) hadi 4 (tatizo kubwa). Upande wa kulia alipata 3 kwa kugonganisha vidole, upande wa kushoto 1. Mipigo ya mwanzo ilikuwa mikubwa, iliyofuata ikapungua, na mwishoni vidole vilikuwa karibu vimegandana huku vikienda mbio.

Kwa kufuta meza, tulibandika utepe wenye alama za sentimita na kupiga video kwa simu kutoka juu. Njia hii ni rahisi na ilitufaa kuliko vifaa vingine vyote tulivyotumia. Alianza na upana wa takriban sentimita 50 kwenda na kurudi, na kabla dakika haijaisha alikuwa kwenye 20. Kasi yake ya hiari ilikuwa karibu mikato 80 kwa dakika, tukihesabu kila kwenda kuwa mkato mmoja na kila kurudi kuwa mwingine.

Mambo mengine mawili yalipimwa kabla ya kugusa sauti yoyote. La kwanza ni hali ya dawa: vipimo vyote vilifanywa dawa ikiwa imeshika, na vichache vikarudiwa ikiwa inakaribia kuisha nguvu. Pasipo utaratibu huo, mtu anaweza kulinganisha asubuhi nzuri na jioni mbaya akadhani anapima tiba. La pili ni sikio lake. Hatukumaanisha kusikia tu, bali kuhisi mdundo. Tulimsikilizisha muziki uliowekewa mlio wa metronomu, yaani chombo kinachotoa milio kwa nafasi sawa, wakati mwingine ukienda sawa na muziki, wakati mwingine ukipishana nao, naye aseme ni upi. Alitofautisha bila shida. Kipimo hiki kina sababu. Watafiti Jessica Grahn na Matthew Brett walionyesha mwaka 2009 kwamba ugonjwa wa Parkinson unaweza kuathiri uwezo wa kutofautisha midundo yenye mpigo bayana, na wagonjwa hawalingani katika hilo. Kumpa mdundo mtu asiyeuhisi ni kumwongezea mzigo.

Kwa nini tulifikiria mdundo

Parkinson huua polepole seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ya kupitishia taarifa ubongoni, na bila dopamini ya kutosha zile sehemu za ndani za ubongo ziitwazo basali ganglia hushindwa kazi yake. Sehemu ya kazi hiyo ni kutoa muda wa ndani: sasa anza, sasa badili, sasa malizia. Mtu mwenye afya halifikirii hilo kabisa. Mgonjwa hulazimika kulifikiria, na akiacha kulifikiria, tendo hunywea.

Sauti ya nje yenye mpigo wa sawasawa hupita njia nyingine. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwendo unaoongozwa kutoka nje hutegemea zaidi serebela, yaani ubongo mdogo wa nyuma, pamoja na sehemu za gamba la ubongo zinazoandaa mwendo, ambazo ugonjwa huu haujaziharibu kwa kiwango kilekile. Sauti pia ina sifa ambayo maelekezo ya mdomo hayana: hutabirika. Mtu anayegonga meza kufuata metronomu kwa kawaida hagongi baada ya kusikia mlio, bali hutangulia kidogo. Ubongo wake umeshajua mlio unaofuata utakuja lini na umeupangia mkono safari.

Ushahidi mwingi unahusu miguu. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake walichapisha utafiti uliotumia muziki wenye mpigo uliosisitizwa kwa wagonjwa wa Parkinson, nao wakatembea kwa kasi zaidi na kwa hatua ndefu zaidi. Mwaka 2007 utafiti ulioitwa RESCUE, uliofanyika katika nchi tatu za Ulaya kwa wagonjwa 153, ulifundisha kutembea kwa viashiria vya nje, yaani ishara kama mlio wa kufuata, majumbani mwao. Faida ilikuwepo, ingawa si kubwa, na ilipungua mafunzo yalipokoma. Mikono imeandikiwa machache kuliko miguu, na hilo ndilo lililoamua mpango wetu wa kwanza ungefanana na nini.

Uamuzi wa kwanza: metronomu

Tulichukua kanuni ya kutembea na kuipeleka mkononi. Katika kutembea, mtaalamu hupima kasi ya hiari ya mgonjwa, humpa mdundo wa kasi ileile, akishaushika humwongezea karibu asilimia 10. Kwa hiyo tulianza na 80 kwa dakika, kisha 88, akifuta meza na kugeuza mkono juu na chini. Sauti ilikuwa mlio mfupi mkavu kutoka kwenye simu. Muziki tuliuacha kwa makusudi: tulitaka kujua kinacholeta mabadiliko ni mpigo wenyewe au furaha ya wimbo.

Mpigo aliushika mara moja. Video zilionyesha mikato iliyopangika kwa usawa ambao hatukuwahi kuuona mkononi mwake. Kwa kusikiliza tu, mtu angesema mafanikio ni makubwa.

Utepe wa sentimita ulisema vingine. Kwenye 80 upana ulisinyaa kama zamani. Kwenye 88 ulisinyaa zaidi, akaishia karibu sentimita 15, kiwiko kimebana ubavuni na kazi yote ikifanywa na kifundo cha mkono. Tulipojaribu kupandisha kidogo tena, mkono ulikimbia mbele ya mpigo kisha ukaganda. Kuganda kwa mkono kunatajwa mara chache kuliko kuganda kwa miguu, ila kupo, na hujitokeza hasa katika matendo madogo ya haraka yanayorudiwa.

Tatizo la pili lilitoka nyumbani. Mumewe, kwa nia njema, aliona simu ni baridi mno, akawa anampigia makofi wakati wa mazoezi. Mkono ulipochelewa naye alichelewa, ulipodhoofika naye alipunguza. Watu wawili wakifanya jambo kwa mdundo mmoja husogeleana bila kujua, na hapa aliyesogea zaidi alikuwa yule mwenye afya. Aliyeligundua ni mgonjwa mwenyewe: "Yeye ananifuata mimi, sasa mimi nimfuate nani?" Makofi yalibaki, lakini mume akavaa kisikizi chenye metronomu sikio moja, ili na yeye awe na wa kumfuata.

Uamuzi wa pili: sauti inayotoka kwenye shabaha

Mjadala wa timu ulirudi kwenye tofauti ya mguu na mkono. Anayetembea anabeba uzito wa mwili wake, na kila hatua ina ardhi ya kuikamilisha. Hata hivyo, mdundo wa haraka kupita kiasi hufupisha hatua zake. Mkono unaofuta meza hauna ardhi. Ukiambiwa ufike mahali kwa wakati fulani, njia rahisi ya kutii ni kupunguza safari. Metronomu ilikuwa imemwambia lini, ikakaa kimya kuhusu umbali, naye alitii alichoambiwa.

Kwa hiyo tulibadili mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, tuliweka ngoma mbili bapa za aina ya dufu kwenye stendi, moja chini karibu na nyonga ya kushoto, nyingine juu upande wa kulia kwa kiwango cha bega, umbali ambao ulimlazimu kunyoosha kiwiko na kugeuza kiwiliwili kidogo. Ngoma hailii mpaka ifikiwe, na ikifikiwa kwa ulegevu hulia kwa ulegevu. Upana wa tendo ukawa na sauti yake. Kupiga ala kwa mpangilio unaofuata mwendo unaotakiwa ni mbinu inayojulikana katika tiba ya muziki ya mfumo wa fahamu, hatukuibuni sisi.

Pili, tulipunguza mwendo badala ya kuuongeza. Kwa wanafunzi wengi hapa ndipo penye utata, maana mgonjwa ana tatizo la ukawiaji, iweje apewe mdundo wa polepole? Hesabu ni hii. Kwenye mapigo 80 kwa dakika, kila pigo huchukua sekunde 0.75, mkono unaosafiri sentimita 20 katika muda huo unakwenda takriban sentimita 27 kwa sekunde. Nusu ya kasi hiyo ya mdundo, yaani pigo kila sekunde 1.5, kwa umbali wa sentimita 60, ni sentimita 40 kwa sekunde. Mdundo umepoa, mkono umeongeza kasi.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mapigo yakiachana sana, kuelekea sekunde mbili, mtu hushindwa kutabiri lijalo na huanza kulisubiri, na faida ya kutabirika hupotea. Suluhisho likawa kuiacha metronomu kwenye 80 na kumtaka apige ngoma kila pigo la pili: pigo la kwanza mkono uko safarini, la pili unatua. Hapo ndipo tulipoingiza muziki pia, wenye noti zinazopanda mkono unapopanda na kushuka unaposhuka, ili njia nzima iwe na sauti na si mwisho wake tu.

Neno juu ya vifaa, kwa sababu huharibu kazi nyingi. Tulifikiria pedi za kielektroniki zinazotoa sauti kupitia spika isiyo na waya. Tuliziacha. Spika za namna hiyo huchelewesha sauti, na ingawa ucheleweshaji hauna madhara kwa metronomu, ambayo huchelewa kwa kiasi kilekile kila mara, una madhara makubwa pale sauti inapopaswa kumwambia mgonjwa amefika. Mkono umegusa, sauti haijaja, naye anaongeza nguvu pasipohitajika. Ngoma ya kawaida hujibu papo hapo.

Uamuzi wa tatu: kuirudisha kazi nyumbani

Kupiga ngoma vizuri si lengo la mtu aliyekuja kwa ajili ya mswaki na meza. Mkono ulipozoea safari ndefu, ngoma ziliondolewa moja moja. Kwenye meza tulibandika vipande viwili vya mbao nyembamba pembeni kulia na kushoto, ili kitambaa kikifika kigonge na kutoa mlio. Baadaye tukaondoa mbao, akabaki anahesabu kwa sauti, na mwishoni anavuma wimbo alioufanyia mazoezi. Kwa mswaki, aliuvuma wimbo huohuo puani.

Vifungo vilitushinda. Tulijaribu mdundo, tukajaribu kuhesabu hatua, na havikubadilika. Sababu si ngumu kuiona baadaye: kufunga kifungo hakuna mzunguko. Ni mfululizo wa vitendo tofauti vinavyoongozwa na mguso, kila kimoja kikisubiri taarifa za vidole kabla ya kinachofuata kuanza, na mpigo wa nje unazikatiza taarifa hizo. Tulimpa mbinu nyingine kabisa: kuvaa dawa ikiwa imeshika, kukaa, kuacha mazungumzo, na kifaa cha kuvutia kifungo kwa nguo zenye vifungo vidogo.

Matokeo

Upana wa kufuta meza ulikaa kati ya sentimita 45 na 50 kwa dakika nzima akiwa na sauti, na bila sauti ulishikilia kwa sehemu kubwa ya dakika kabla ya kuanza kupungua. Mswaki ulifika pande zote. Mume aliripoti kwamba mkono wa kulia umeanza kupunga akitembea, ingawa hatukuupima na hatukuufanyia zoezi.

Kipimo cha vigingi tisa, kinachopima wepesi wa vidole, kilisogea kidogo mno kiasi cha kutohesabika kuwa mabadiliko. Mtetemeko ulibaki ulivyokuwa. Mwandiko nao haukubadilika. Kwa mwandiko mistari iliyochorwa kwenye karatasi ilimsaidia kuliko sauti yoyote, na hilo linalingana na tunachojua, kwamba viashiria vya macho hufanya kazi vizuri zaidi kwenye ukubwa na viashiria vya masikio kwenye wakati.

Kisha alipata homa na kuacha mazoezi kwa kipindi. Aliporudi, sehemu ya upana ilikuwa imepotea, ikarejea haraka kuliko mara ya kwanza.

Uchambuzi

Swali la kwanza ambalo msomaji makini atauliza ni dawa. Katikati ya mpango wa pili, daktari alimwongezea levodopa, na kwa sababu nzuri. Je, mkono ulinyooka kwa ngoma au kwa kidonge? Tunaweza kujibu nusu. Mkono wa kushoto haukufanyiwa zoezi lolote la ngoma, lakini ulikuwa unapimwa kila mara. Baada ya dawa kuongezwa, kugonganisha vidole kuliboreka kidogo kwa mikono yote miwili, jambo linaloashiria dawa. Upana wa kufuta meza kwa mkono wa kulia ulikuwa umeshapanda kabla ya badiliko hilo, jambo linaloashiria mazoezi. Kwa mabadiliko yaliyofuata hatuwezi kutenganisha, na yeyote anayedai kutenganisha katika kisa cha mtu mmoja anajipa uhakika asiokuwa nao.

Kosa la kimantiki katika mpango wa kwanza halikuwa kutumia metronomu. Ni kipimo cha mafanikio kilichokuja nayo. Metronomu inapima ushikaji wa wakati, kwa hiyo kila anayeitumia hujikuta anasikiliza ushikaji wa wakati. Bila utepe na video, tungeandika kwamba mgonjwa ameitikia vizuri sana huku mkono ukizidi kunywea. Ningependekeza kwa yeyote anayeanza kazi hii apime upana kabla hajafungua programu yoyote ya mdundo.

Kuhusu kwa nini ngoma zilifaa, kuna maelezo matatu na sioni jinsi ya kuchagua moja. Huenda ni shabaha yenyewe, yaani jicho linaona pa kufika, na sauti ni mapambo. Huenda ni sauti inayorudi, inayomjulisha ukubwa wa tendo lake, maana wagonjwa wa Parkinson huhisi mwendo mdogo kana kwamba ni mkubwa. Huenda ni muda mrefu zaidi wa safari. Hatua ya mbao mezani inadokeza kwamba sauti inayorudi ilikuwa na uzito wake: shabaha ilikuwa ileile alama ya utepe aliyokuwa akiiona tangu siku ya kwanza bila kuifikia, na kilichoongezeka ni mlio. Hata hivyo wakati huo mkono ulikuwa umeshazoezwa, kwa hiyo dokezo hilo lisibebeshwe zaidi ya linavyoweza.

Kuvuma wimbo kulituvutia kuliko tulivyotarajia. Mdundo unaotoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe si wa nje tena, na kinadharia ungepaswa kudhoofika pamoja na mkono. Haukudhoofika, angalau si kwa urefu wa kazi za nyumbani. Huenda wimbo uliozoeleka una muundo unaojibeba, mstari ukivuta mstari, tofauti na hesabu ambayo huweza kuharakishwa bila kuharibika. Hesabu kweli aliiharakisha, mara kadhaa, na mkono ukaifuata.

Ushauri wa usalama tulioutoa unafaa kutajwa. Visikizi havikuruhusiwa akitembea nje. Mazoezi ya ngoma ya juu yalianza baada ya bega kuchunguzwa, kwani bega lililokakamaa kwa miaka haliombwi kupiga juu ya kiwango chake. Na tuliangalia kama dawa ikiwa kileleni kuna mwili kujinyonganyonga bila hiari. Kwake haukuwepo, lakini kwa mgonjwa aliye nao, ngoma zilizo mbali huweza kuongeza shida badala ya kuipunguza.

Mpango unaoendelea ni mfupi: ngoma nyumbani siku chache kwa wiki, video ya meza kila mwezi dawa ikiwa imeshika, na kupima tena kila dawa inapobadilishwa. Upana ukishuka kwa vipimo viwili mfululizo, mbao zitarudi mezani kabla ya kufikiria kubadili wimbo.